Gari la Kampuni Uingereza: Piga Hesabu ya Miaka Yote ya Mkataba

Mimi ni mhasibu wa mishahara hapa Uingereza, na kila kampuni inapotoa orodha ya magari kwa wafanyakazi wake, ndugu zetu wananipigia simu na swali lilelile: nichukue lipi? Wengi wameshaangalia rangi, viti na makato ya mwezi wa kwanza. Mimi nawaomba waniambie vitu vitatu tu: bei rasmi ya gari, gramu zake za kaboni dayoksaidi kwa kilomita, na mkataba ni wa miaka mingapi. Hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika, na ndicho kinachoumiza.

Nyumbani tumezoea kupima gari kwa cc. Hata kodi ya Tanzania kwa gari la mwajiri inatazama ukubwa wa injini na umri wa gari. Uingereza ilishaachana na mtazamo huo. Tangu Aprili 2002, gari la kampuni unaloruhusiwa kulitumia kwa mambo yako binafsi linahesabiwa kama sehemu ya kipato chako, na kiasi chake kinategemea bei ya gari na moshi linaoutoa. Kabla ya hapo, mwenye maili nyingi za kazi alipunguziwa kodi, kwa hiyo kuongeza safari kulikuwa na faida. Nafikiri walifanya vyema kuufuta utaratibu ule.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua bei rasmi ya gari, zidisha kwa asilimia iliyopangwa kulingana na moshi, kisha zidisha kwa ngazi yako ya kodi. Bei rasmi ni ile ya mtengenezaji pamoja na VAT na vikorombwezo ulivyoongeza. Punguzo ambalo kampuni ilipewa na muuzaji halikusaidii chochote.

Tuchukue mtu mwenye mshahara wa paundi 55,000, anayelipa kodi ya asilimia 40, na mwaka wa kodi wa 2026/27 (Aprili hadi Aprili). Gari la umeme la paundi 42,000 liko kwenye asilimia 4. Linaongeza paundi 1,680 kwenye kipato chake, na kodi yake ni paundi 672 kwa mwaka, yaani 56 kwa mwezi. Gari la petroli la paundi 35,000 linalotoa gramu 125 liko kwenye asilimia 31. Hilo linaongeza paundi 10,850, na kodi ni 4,340 kwa mwaka, karibu 362 kwa mwezi. Gari la bei nafuu limegeuka kuwa ghali zaidi ya mara sita.

Na kama ana watoto, bado hajamaliza. Ile 10,850 inapanda juu ya mshahara na kumfikisha 65,850. Anayepokea posho ya watoto (Child Benefit, fedha ambayo serikali huwapa wazazi) akivuka kipato cha 60,000, huanza kuirudisha kidogo kidogo kwa njia ya kodi: asilimia 1 kwa kila paundi 200. Kwa hiyo gari lile la petroli linamla pia asilimia 29 ya posho ya watoto wake. Kwa gari la umeme anabaki chini ya mstari.

Sasa nije kwenye mseto wa kuchaji, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na betri ya kuchajiwa, ambao wengi wanaupenda kwa sababu hauna hofu ya kuishiwa chaji njiani. Wenye gramu 1 hadi 50 unapangwa kwa umbali unaoweza kwenda kwa umeme peke yake. Ukifika maili 40 hadi 69, asilimia yake 2026/27 ni 10, na mwaka unaofuata 11. Inavutia. Lakini Aprili 2028 mpango huo wa umbali unafutwa, na magari hayo yote yanaruka hadi asilimia 18, kisha 19 mwaka 2029/30. Mseto wa paundi 42,000 unaoanza na makato ya paundi 140 kwa mwezi unakuwa 252 katikati ya mkataba, na kuurudisha mapema mara nyingi kuna faini. Umeme nao unapanda, asilimia 4, 5, 7, kisha 9 katika miaka hiyo minne. Jumlisha miaka minne kwa mtu wetu: umeme paundi 4,200, mseto 9,744. Ndiyo maana nikiletewa karatasi yenye tarakimu ya mwaka mmoja tu, naomba na za miaka mingine kabla sijasema lolote.

Mafuta ya bure ya safari binafsi nayakataa karibu kila mara. Mwaka 2025/26 yaliongeza kwenye kipato paundi 28,200 mara asilimia ileile ya gari, kisha ukazidisha kwa ngazi yako ya kodi. Kwa mtu wetu mwenye gari la gramu 125, kodi inafika karibu paundi 3,497. Kama lita ni paundi 1.40, hizo ni lita zipatazo 2,500, za kutosha kilomita 38,000 hivi, na kodi hiyo unailipa hata ukiendesha robo ya hapo. Kwenda kazini na kurudi kunahesabiwa safari binafsi. Umeme hauhesabiwi kuwa mafuta katika sheria hii, na hilo ni pengo kubwa jingine.

Ukishachukua gari, kagua msimbo wako wa kodi kwenye slipu ya mshahara, yaani namba inayomwonyesha mwajiri kiasi cha kipato chako kisichokatwa kodi. Aliye na 1257L, akipata lile gari la umeme, atashuka hadi 1089L hivi. Kwa la petroli, 172L. Usipobadilika kwa miezi, huenda kampuni haijawasilisha taarifa HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, na deni litakuja lote kwa pamoja. Waandikie ofisi mara moja.

Anayeishi ghorofani bila pa kuchaji ana ugumu wa kweli, na simlazimishi umeme. Namwomba kwanza aulize kama kazini kuna chaja, maana kuchaji gari la kampuni kazini hakukatwi kodi. Ikikosekana, mseto ambao hautachajiwa ni chaguo baya: atalipa kodi ya mseto, na safari nzima ataunguza petroli huku amebeba betri nzito. Huyo namfanyia hesabu ya petroli yenye gramu chache na bei ndogo, kisha tunailinganisha na kuchukua posho ya fedha badala ya gari la kampuni na kununua gari lake mwenyewe.