Mgeni anapohamia Kisumu: maswali ya wenyeji wake kuhusu afya

Watafiti, wahandisi na walimu wengi wa kigeni huja Kisumu kuishi kwa mwaka au zaidi. Wa kwanza kuona afya yao ikiyumba ni mwenye nyumba, mfanyakazi mwenzao au shemeji, si daktari. Ndiyo maana majibu haya nimewaandikia ninyi wenyeji.

Mpangaji wangu ametoka Uholanzi. Ameniona nalala bila neti, naye ameiondoa yake. Si atazoea tu?

Hatazoea, mama, na tafadhali mrudishie neti leo. Wewe uliyekulia Nyalenda au Ahero umeugua malaria mara nyingi tangu utotoni, na mwili wako ukajijengea kinga kidogo kidogo. Kinga hiyo haizuii maambukizi, hupunguza tu makali yake. Mgeni hana hata hiyo. Kwake malaria ya kwanza inaweza kuwa kali ndani ya siku moja au mbili, akaanza kuchanganyikiwa, figo zikagoma, damu ikapungua. Kanda ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi zaidi nchini, na haina msimu wa kupumzika, ingawa huzidi baada ya mvua ndefu.

Tena kinga hii hufifia. Kijana wako aliyesomea Canada miaka kadhaa, au binti aliyeolewa Nairobi ambako malaria ni haba, akirudi nyumbani mhesabu kama mgeni.

Wewe pia lala ndani ya neti. Ile yenye dawa humuua mbu anayeigusa, kwa hiyo inawakinga hata wengine nyumbani. Ichomekwe chini ya godoro pande zote, na matundu yashonwe.

Anameza vidonge vya kuzuia malaria. Havitoshi?

Vinasaidia sana, lakini havikingi kwa asilimia mia. Doksisaiklini humezwa kila siku, tangu siku moja au mbili kabla ya kufika hadi wiki 4 baada ya kuondoka. Atovakuoni na proguanili huanza vivyo hivyo, ila huendelea siku 7 tu baada ya kuondoka. Hatari iko katikati: mtu hukaa miezi kadhaa bila kuugua, akaona vidonge ni usumbufu, akaviacha kimyakimya. Anayetaka kuacha aongee kwanza na daktari.

Akishikwa na homa nifanyeje?

Mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo. Usimpe panadol na kumwambia alale, na usimnunulie dawa ya malaria kabla ya kipimo, maana homa ya matumbo na magonjwa mengine huanza vivyo hivyo. Kuumwa kichwa, kutetemeka na viungo kuuma ni dalili za kawaida; kuhara na kutapika pia, na hapo ndipo wengi husingizia chakula. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa takriban dakika 15 hadi 20. Kikisema hakuna malaria na homa ikaendelea, apimwe tena kesho yake.

Akipewa vidonge vya AL, yaani dawa ya kutibu malaria, ni dozi 6 kwa siku 3, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza. Avimeze pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, ndipo dawa iingie vizuri mwilini, na avimalize hata akipata nafuu. Akianza kuropokwa, kupata degedege, macho kuwa ya manjano au kushindwa kusimama, usingoje kuche. Mpeleke hospitali kubwa kama Jaramogi, ile wengi tunaiita Russia.

Anataka kuogelea Ziwa Victoria, pale Dunga.

Mwambie ukweli: ziwa lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Aliyekwisha kuingia apimwe baada ya wiki 6 hadi 8, hata kama haumwi popote. Prazikuanteli hukitibu. Kupanda mashua kutazama viboko si shida, mradi asitie miguu majini.

Maji na jua je?

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote au yatiwe klorini, na ya kupigia mswaki vilevile. Samaki aliyekaangwa sasa hivi ni salama kuliko kachumbari iliyokaa mezani tangu asubuhi.

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua la saa sita humuunguza mtu mweupe haraka. Anayemeza doksisaiklini huungua haraka zaidi, kwani dawa hiyo hufanya ngozi isivumilie jua. Kofia, mikono mirefu na maji mengi.

Amekuwa mnyamavu, na usiku anaota ndoto za kutisha.

Muulize anameza dawa gani. Meflokwini, inayomezwa mara moja kwa wiki, huwaletea baadhi ya watu ndoto mbaya, wasiwasi na huzuni nzito. Ikiwa ni hiyo, amwone daktari mara moja ili abadilishiwe. Ikiwa si hiyo, huenda ni upweke, na huo nao ni jambo la afya. Mwalike chakula cha jioni. Halafu mwalike tena wiki ijayo, kwani mara ya kwanza atakuja kwa adabu tu.

Mkataba wake umekwisha, anarudi kwao.

Akipata homa yoyote ndani ya mwaka mmoja, amwambie daktari wake kwamba aliishi Kisumu. Huko wengi watadhani ni mafua, na hawatampima malaria asipowatajia.