Maana ya "uandikishaji wa kughushi"

Mwezi Oktoba 2024, ilipotangazwa kwamba wapelelezi wa kaunti ya Lancaster, jimboni Pennsylvania nchini Marekani, wanachunguza fomu zipatazo 2,500 za kuomba kuandikishwa kuwa mpiga kura, nilisikia habari hiyo ikisomwa kwa Kiswahili kuwa ni "kura 2,500 za wizi". Tangu hapo nimekutana na kosa hilo mara nyingi mno, pengine kwa sura ya "wapiga kura hewa".

Uandikishaji wa kughushi ni kuwasilisha kwenye ofisi ya uchaguzi ombi la kuandikishwa lenye jina, anwani au saini ya uongo, au lenye jina la mtu wa kweli ambaye hakuomba lolote.

Kitenzi "kughushi" tumekipata kwa Waarabu, ambao hukitumia pia kwa muuza maziwa anayeyatia maji. Maana hiyo ya kuchanganya yafaa kukumbukwa, kwa sababu rundo la Lancaster halikuwa la uongo mtupu: maombi halali na ya kughushi yalikuja pamoja, na kazi ya wapelelezi ilikuwa kuyachambua moja moja. Makarani ndio waliotilia shaka kwanza, walipoona mwandiko uleule ukijirudia kwenye fomu za watu mbalimbali, nyingi zikiwa zimejazwa siku moja. Baadhi ya watu waliotajwa humo, walipoulizwa, walisema hawakuzijaza.

Neno linalotupotosha zaidi, hata hivyo, ni "kuandikisha". Tanzania na Kenya, mtu huenda mwenyewe mbele ya mwandikishaji, akapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, kisha jina lake likaingia. Kwa hiyo tukisikia "waliandikisha watu 2,500" tunaona wapiga kura 2,500 daftarini. Pennsylvania inaruhusu fomu ya karatasi, na mtu mwingine anaweza kukusanya fomu hizo kwenye maegesho ya maduka au bustanini na kuzipeleka ofisini. Huyo haandikishi mtu. Anapeleka maombi, na karani ndiye anayelinganisha namba ya leseni ya udereva, au tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, na kumbukumbu za serikali kabla ya kuandikisha au kukataa. Kati ya ombi na daftari kuna ukaguzi, na kati ya daftari na sanduku la kura kuna mtu anayepaswa kujitokeza, au kuomba karatasi ya kura kwa posta.

Wakusanyaji hawa ni vibarua, na neno hilo nalo lina historia inayogusa jambo hili, kwani "kibarua" ni barua ndogo, yaani kikaratasi alichopewa mtu kuonyesha kwamba amefanya kazi ya siku na anastahili ujira. Karatasi ikishageuka kuwa mshahara, wapo watakaoitengeneza. Mwaka 2008 huko Las Vegas, jimboni Nevada, shirika la kijamii la ACORN, lililowaajiri wakusanyaji wa namna hii, lilikuwa na mpango wa kumwongezea dola 5 mkusanyaji aliyeleta fomu 21 au zaidi kwa siku. Sheria ya Nevada inakataza malipo ya namna hiyo, na shirika lilikiri kosa mwaka 2011. Mwaka mmoja kabla ya mpango huo, katika kaunti ya King jimboni Washington, vibarua walishtakiwa kwa kubuni majina wakiwa wameketi maktaba jijini Seattle. Mwendesha mashtaka alieleza kwamba walitafuta njia rahisi ya kulipwa, wala hawakukusudia kubadili matokeo ya uchaguzi.

Kosa hilo linabaki kuwa kosa. Linawachosha makarani siku za mwisho za kuandikishwa, na aliyetumiwa jina lake anaweza kukuta taarifa zake zimevurugwa. Aidha, fomu yenye shaka kufika ofisini si lazima iwe ushahidi wa njama, kwa kuwa majimbo mengi huwataka wakusanyaji kuwasilisha kila fomu iliyojazwa, wasije wakatupa za watu wa chama wasichokipenda.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa habari, neno "fomu za kughushi" linatosha, na ni fupi. "Mpiga kura hewa" tulingoje hadi jina la uongo lionekane daftarini, na "kura ya wizi" hadi ithibitike kwamba kuna mtu aliyepiga kura kwa jina hilo.