Jicho liliona sawa, sababu ikakosewa: dhana potofu za shamba dogo la mifugo na bustani

Dhana nyingi za shambani hazikuzuka hewani. Kuna mtu aliona kitu kweli: sungura alikula majani mabichi akafa, ng'ombe alibana maziwa, nyanya ziliota kitako cheusi. Alichokosea ni sababu. Sababu ikikosewa na dawa hukosewa, na anayeumia ni mnyama au mche. Zinazofuata hapa ni zile zinazoleta hasara kila siku, kuanzia ukamuaji wa alfajiri.

Dhana: "Ng'ombe anaficha maziwa kwa kiburi"

Kwamba anayazuia ni kweli. Kiburi hakimo. Maziwa mengi kiweleni hukaa kwenye vifuko vidogo sana, na homoni iitwayo oksitosini ndiyo inayovibana vifuko hivyo ili maziwa yashuke kwenye chuchu. Homoni hiyo huamshwa na ndama anaponyonya, au na mkono unaoosha na kukanda kiwele, na nguvu yake hudumu dakika 5 hadi 8 hivi. Ukiosha kiwele kisha ukaenda kutafuta ndoo, wakati wako unapotea bure. Ng'ombe akishtuka, kwa mbwa aliyebweka, kwa mkamuaji mgeni au kwa fimbo, mwili wake humwaga adrenalini, homoni ya hofu, nayo huizuia oksitosini isifanye kazi. Kumpiga ng'ombe anayebana maziwa ni kumzidishia kile kile kinachomfanya abane.

Kwa hiyo vyombo vyote viwe tayari kabla hujamgusa. Osha chuchu kwa maji ya uvuguvugu, zikaushe kwa kitambaa safi cha ng'ombe huyo peke yake, kisha kamulia michirizi 2 au 3 ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi. Weusi una kazi yake: chembe za mgando, majimaji au damu huonekana juu yake papo hapo, na hizo ni dalili za mapema za ugonjwa wa kiwele. Kamua kwa kubana, si kwa kuvuta. Kidole gumba na cha shahada vifunge juu ya chuchu, vidole vingine vifuate kimoja kimoja kushuka chini.

Kuhusu ugonjwa wenyewe wa kiwele, wengi husema unaletwa na baridi ya sakafu. Sakafu inahusika, ila si kwa baridi yake. Tundu la chuchu hubaki wazi kwa nusu saa hadi saa nzima baada ya kukamua. Ng'ombe akilala kwenye samadi mbichi wakati huo, bakteria huingia moja kwa moja. Choveka kila chuchu kwenye dawa ya iodini ukimaliza, halafu mwekee majani mapya horini ili abaki amesimama akila. Mwenye ugonjwa akamuliwe wa mwisho. Na maziwa ya ng'ombe aliyedungwa antibiotiki yasitumike mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Usitegemee kuyachemsha: kuchemsha huua vijidudu, lakini dawa yenyewe inaweza kubaki humo.

Dhana: "Sungura hanywi maji, ukimpa atakufa"

Hii imeua sungura wengi kimya kimya. Sungura anahitaji mililita 50 hadi 150 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 3, basi, ni mililita 150 hadi 450, na jike anayenyonyesha hufikia lita nzima au zaidi. Dhana imedumu kwa sababu majani mabichi yenyewe ni maji kwa sehemu kubwa, hivyo sungura anayekula majani tu huonekana anaishi vizuri bila kunywa. Mpe chakula kikavu bila maji uone: hupunguza kula siku hiyo hiyo, maziwa ya jike hukatika, na kiu ni mojawapo ya mambo yanayochangia jike aliyezaa kula watoto wake.

Kinachoua baada ya kula majani mabichi ni vitu vingine. Majani yaliyokatwa na kurundikwa hupata moto na kuanza kuchacha. Ingiza mkono katikati ya rundo. Ukisikia joto, usimpe. Yatandaze kivulini, tabaka jembamba. Sababu nyingine ni kubadilisha chakula ghafla, kwani vijidudu vya tumboni mwake havijazoea kitu kipya: badilisha kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Ya tatu ni kumtupia chakula sakafuni, juu ya kinyesi, ambako anaokota koksidia, vimelea vinavyoharisha na kuua hasa watoto waliotoka kuachishwa kunyonya. Chakula kikae kwenye kihori cha kuning'inia, na maji kwenye bakuli zito asiloweza kulipindua.

Ukimkuta anakula kinyesi laini moja kwa moja kutoka mwilini mwake, mwache. Hana njaa wala hana kichaa. Anakipitisha chakula tumboni mara ya pili ili apate protini na vitamini za B zilizotengenezwa na vijidudu vyake.

Dhana: "Bila jogoo hakuna mayai"

Kuku jike hutaga bila jogoo. Yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa, jogoo awepo asiwepo. Anahitajika pale tu unapotaka vifaranga, na mmoja hutosha majike 8 hadi 10.

Dhana: "Ameacha kutaga, basi amezeeka"

Kabla hujamchinja, fuata mpangilio huu. Anza na maji, kwa sababu yai kwa sehemu kubwa ni maji. Siku moja tu ya kiu inaweza kushusha utagaji kwa wiki kadhaa. Kuku hunywa takriban robo lita kwa siku, na wakati wa joto hata mara mbili yake. Chombo kiwe kivulini, kwani maji ya moto hawayanywi. Kisha angalia chakula: kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, na kila ganda la yai linabeba gramu 2 hivi za kalisi, kwa hiyo weka chokaa ya mifugo au maganda ya konokono wa baharini yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni, kila kuku achukue anachohitaji. Usiwape vifaranga chakula cha kuku wanaotaga. Kalisi hiyo nyingi huharibu figo zao. Angalia manyoya: akiwa ananyonyoka, anajenga manyoya mapya na atarudi kutaga. Angalia mwanga, maana kuku hutaga vizuri akipata saa 14 hadi 16 kwa siku. Mwisho pita vichakani. Mara nyingi kuku hajaacha kutaga, amehamisha kiota tu, hasa kama viota bandani ni vichache: kimoja kwa kuku 4 au 5 kinatosha.

Dhana: "Banda lizibwe kabisa, kuku wasipate mafua"

Kuku hupumua mvuke mwingi na kinyesi chao ni kibichi. Banda likizibwa unyevu hukwama, kinyesi kwenye maranda hutoa amonia, gesi yenye harufu kali, na amonia huunguza macho na njia ya hewa. Mafua uliyoyaogopa yanapata mlango hapo. Usipime kwa pua ukiwa umesimama. Chuchumaa mpaka uso wako ufike kimo cha kuku, kaa dakika moja. Macho yakiwasha, kwao hali ni hiyo usiku kucha. Maranda yawe na kina cha sentimita 8 hadi 10. Chota konzi moja uikamue: ikishikamana kama donge, maranda ni mabichi mno, yapindue na uongeze makavu. Madirisha ya waya yawe juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala, hewa ipite bila kuwapuliza.

Kideri, au mdondo, ni ugonjwa mwingine kabisa wa kuku. Unaletwa na virusi: pilipili, majivu na mshubiri haviviui, na antibiotiki pia haiviui. Kinga ni chanjo, na ile ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4, kuku wote siku moja, wakiwa wazima. Watu husema "tulichanja na bado walikufa", na mara nyingi ni kweli: chanjo ilikaa juani, au ilichanganywa na maji ya bomba yenye klorini, ikafa kabla ya kumfikia kuku.

Mayai nayo yasioshwe kwa ajili ya kuhifadhiwa. Ganda lina maelfu ya vitundu vilivyozibwa na utando mwembamba. Maji huuondoa, na maji baridi husaidia uchafu kuvutwa ndani. Sugua kwa kitambaa kikavu. Lililochafuka sana lipikwe siku hiyo.

Dhana: "Mbuzi hula chochote"

Mbuzi huonja chochote, ambalo ni jambo tofauti kabisa. Ni mchaguzi kuliko ng'ombe: hupenda majani ya vichaka na ncha changa, na akikanyaga chakula hakirudii. Ndiyo maana majani ya chini hubaki na mbuzi anakonda huku mfugaji akidhani anadeka. Weka hori lililoinuliwa kufikia kimo cha shingo, lenye nafasi za kupitisha kichwa tu. Majani ya mparachichi yanaweza kumuua. Nafaka nyingi kwa mara moja pia: hugeuka asidi tumboni, hivyo gunia lifungwe mahali ambapo meno yake hayafiki.

Hapo inaingia dhana ya minyoo, kwamba dawa wapewe wote kila mwezi. Dawa ya mara kwa mara kwa kundi zima huacha hai minyoo sugu peke yake, na baada ya muda chupa ile ile haifanyi kazi tena. Mnyoo mbaya kuliko yote kwa mbuzi na kondoo hunyonya damu, kwa hiyo msome mbuzi machoni. Vuta kope la chini kwa kidole gumba, ukiwa kwenye mwanga wa jua. Ndani kukiwa kwekundu, mwache. Kukiwa na waridi hafifu au weupe, mpe dawa. Uvimbe laini chini ya taya, ambao wengi husema ni kuumwa na nyoka, mara nyingi ni matokeo ya damu na protini alizonyonywa. Dozi ifuate uzito uliopimwa, kwani kukisia chini ndiko kunakofuga usugu. Mabuu ya minyoo hukaa zaidi kwenye sentimita 10 za chini za nyasi, tena zenye umande. Toa mbuzi baada ya umande kukauka na usiwaache watafune mpaka udongoni.

Dhana: "Samadi mbichi ndiyo yenye nguvu"

Nguvu inayo, na ndiyo inayounguza miche. Ya kuku ni kali kupita zote. Samadi iliyorundikwa tu juani na kwenye mvua nayo si mboji: naitrojeni, kirutubisho kikuu cha mimea, hupanda hewani au huchuruzika, kinachobaki ni mbegu za magugu na vijidudu vya matumbo. Panga tabaka: sehemu 2 au 3 za majani makavu kwa 1 ya samadi, na kwa kinyesi cha kuku ongeza makavu zaidi. Rundo liwe na mita 1 kila upande, dogo zaidi ya hapo halishiki joto. Unyevu uwe kiasi kwamba ukikamua konzi moja, yatoke matone machache. Chomeka fimbo hadi katikati. Baada ya siku chache ichomoe: ikikuunguza kiganja, moto unafanya kazi. Joto likishuka, pindua, cha nje kiende ndani, na urudie mara 3 au 4. Kwa miezi 3 hivi utapata kitu cheusi chenye harufu ya udongo baada ya mvua. Kilo 2 hadi 4 kwa mita moja ya mraba zinatosha.

Majivu usiyachanganye na samadi. Hayana naitrojeni, imeshaungua, na kwa kuwa ni makali kama chokaa hufukuza na ile iliyomo kwenye samadi. Konzi moja au mbili kwa mita ya mraba kwa mwaka ni kiasi cha kutosha.

Dhana: "Maji ya mchana huunguza majani"

Tone kwenye jani laini haliwi lenzi ya kuunguza. Sababu ya kumwagilia asubuhi ni kwamba mchana maji mengi hupotea hewani, na jioni majani hulala na unyevu unaokaribisha ukungu. Ukiona maboga yamelegea saa 7 mchana, ingiza kidole kwenye udongo kabla ya kukimbilia ndoo. Pakiwa na unyevu kwa kina cha kidole kizima, subiri. Jioni yatakuwa yamesimama yenyewe. Lita 20 hadi 25 kwa mita ya mraba kwa wiki, kwa mara 2 au 3, hufika chini kuliko kikombe cha kila siku kinacholowesha uso tu na kufundisha mizizi kukaa juu.

Kitako cheusi cha nyanya pia kinatoka hapo. Watu hupiga dawa ya ukungu bila mafanikio, kwa sababu hakuna ukungu: tunda limekosa kalisi, na mara nyingi kalisi imo udongoni ila haikufika kwa kuwa maji yalikuja kwa vipindi, leo mafuriko, kesho ukame. Tandaza majani makavu sentimita 5 hadi 8 kuzunguka mche bila kugusa shina, na umwagilie kwa siku zile zile. Yaliyokwisha kuota weusi hayaponi. Yachume, mche ulishe yanayofuata.