Ubao wa kuchapia: vitabu vya Kibuddha katika China ya kifalme

Katika China ya kifalme, kitabu cha Kibuddha kilihesabiwa kimetoka pale mbao zake za kuchapia zilipokamilika kuchongwa na kuwekwa ghalani. Nakala za karatasi zilifuata kadiri watu walivyoziomba, pengine miaka mingi baadaye. Asiyelijua hilo hawezi kuelewa kwa nini hekalu lingejitwisha gharama ya kutunza maelfu ya mbao.

Ubao hukatwa kwenye mti mgumu wenye nyuzi laini zilizoshikana, hasa mpea, au mkunazi wa Kichina. Lazima ukauke vizuri. Ukichongwa ungali mbichi hupinda au kupasuka, na ufa huo huonekana kama mstari mweupe kwenye kila nakala. Mwandishi mwenye hati nzuri huandika ukurasa kwenye karatasi nyembamba, na ukishakaguliwa hubandikwa kifudifudi juu ya ubao. Mgongo wa karatasi husuguliwa taratibu hadi maandishi yaonekane yamegeuka kinyume. Mchongaji huondoa mti wote unaoyazunguka, herufi zikabaki zimesimama juu kama za muhuri. Herufi ikikosewa, sehemu ile hutobolewa kwa patasi, kipande kipya cha mti kikapachikwa na kuchongwa upya. Katika baadhi ya nakala za kale herufi kama hiyo hujulikana upesi: imekaa upande kidogo, au ni nyeusi kuliko jirani zake.

Kuchapa kwenyewe ni kazi nyepesi. Wino wa masizi na gundi hupakwa kwa brashi, karatasi ikalazwa juu yake, na mgongo wake ukapitishwa brashi kavu. Mashine ya kukandamiza haihitajiki. Wino ukiwa mwepesi mno husambaa. Ukiwa mzito mno huziba vijinafasi vya herufi. Karatasi huchapwa upande mmoja tu, kwa kuwa ni nyembamba na wino hupenya.

Nani alilipa? Mara nyingi ni muumini aliyetafuta thawabu, kwa ajili yake au ya jamaa zake. Sutra ya Almasi (andiko la Kibuddha) ya mwaka 868, iliyopatikana Dunhuang, kaskazini-magharibi mwa China, inaeleza mwishoni kwamba Wang Jie aliitoa igawiwe bure kwa niaba ya wazazi wake wawili. Serikali nayo iliingia kwa kishindo: kuanzia 971 hadi 983, utawala wa ukoo wa kifalme wa Song ulichongesha huko Chengdu mkusanyo mzima wa maandiko, juzuu 5,048 kwenye mbao zipatazo 130,000. Mbao hizo zilipelekwa Kaifeng, mji mkuu, na nakala zake zikawa zawadi kwa falme jirani, Korea ikiwemo.

Herufi za kupangwa moja moja zilikuwa zimeshabuniwa na Bi Sheng miaka ya 1040, lakini hazikuuondoa ubao. Ukurasa wa herufi hizo ukishachapwa hufumuliwa ili herufi zitumike tena, na Kichina kina maelfu ya herufi za kutafuta na kurudisha mahali pake. Ubao hungoja. Hekalu likiombwa nakala moja leo na tatu mwaka ujao, hakuna kinachopangwa upya, wala mtaji haulali kwenye rundo la karatasi zisizo na mwenyewe.

Umbo la kitabu nalo lilibadilika. Mkusanyo wa Chengdu ulikuwa wa hati za kuviringisha. Ule wa Fuzhou, ulioanza 1080, ulikunjwa kwa mikunjo ya zigizaga, kila mkunjo ukiwa na mistari 6 ya herufi 17. Mkusanyo wa Jiaxing, ulioanza 1589, ukachagua vitabu vya kushonwa kwa uzi, mistari 10 ya herufi 20. Wapo waliosema umbo hilo linapunguza heshima ya maandiko, ila lilikuwa rahisi kununua na kubeba, na hoja hiyo ndiyo iliyoshinda. Mwishoni mwa juzuu zake nyingi hutajwa mfadhili, mkaguzi, mwandishi, mchongaji, idadi ya herufi na gharama. Kwa mtafiti wa bei na ujira wa enzi ya Ming (1368–1644), ukurasa huo una faida kuliko utangulizi wowote.

Vita vya Taiping, uasi mkubwa wa miaka ya 1850 na 1860, viliteketeza mbao na maktaba nyingi za kusini. Mwaka 1866 Yang Wenhui, muumini wa Kibuddha asiye mtawa, alianzisha nyumba ya uchapaji ya Jinling huko Nanjing ili maandiko yachongwe upya, na hadi leo kazi inafanyika hapo kwa mkono.