Je, wajua kwa nini Ovid alijuta hadi kufa bila kulitaja kosa lake?

Mwaka 8 baada ya Kristo, Kaisari Augusto alimwamuru Ovid, mshairi mwenye jina kubwa kuliko wote mjini Roma wakati huo, akaishi Tomis, kwenye Bahari Nyeusi. Leo mji huo ni Constanța, nchini Romania. Mashairi yake ya uhamishoni, Tristia na Epistulae ex Ponto, yamejaa majuto, lakini hata ukiyasoma yote hutaambiwa alikosa nini hasa.

Mwenyewe anataja mambo mawili yaliyomponza: shairi na kosa. Shairi lajulikana. Ni Ars Amatoria, la kufundisha mbinu za mapenzi, tena chini ya mtawala aliyetunga sheria kali dhidi ya uzinzi. Lakini lilikwisha kusomwa miaka kadhaa kabla ya adhabu, kwa hiyo uzito uko kwenye lile la pili, na hapo ndipo anapofumba. Kuna jambo aliliona. “Kwa nini niliona? Kwa nini niliyatia macho yangu hatiani?” anauliza. Anajifananisha na Actaeon, mwindaji wa hadithi za kale aliyemkuta mungu Diana bila nguo, pasipo kukusudia, akararuliwa na mbwa wake mwenyewe.

Sababu ya kunyamaza anaitoa katika kitabu cha pili cha Tristia, ambacho chote ni ombi kwa Augusto: kulisema kungetonesha vidonda vya Kaisari. Aliyeumizwa ndiye huyo huyo mwenye uwezo wa kusamehe. Ndiyo maana Ovid anakiri kosa lakini anakana uhalifu. Majuto yake ni rufaa pia.

Mimi siyaoni kuwa ya uongo kwa sababu hiyo. Soma usiku wake wa mwisho Roma: mke analia, naye anakanyaga kizingiti mara tatu na kurudi ndani. Soma baridi ya Tomis, ambako anasema divai huganda ikabaki na umbo la mtungi, watu wakapewa vipande.

Baadaye aliandika kwamba Augusto alikuwa ameanza kulegeza moyo. Mwaka 14 Augusto akafa. Tiberio aliyemrithi hakumwita, na Ovid akafia huko huko Tomis, mnamo mwaka 17 au 18.