Mtoto amemeza sarafu au betri: acheni tonge la ugali

Swali: Mwanangu wa miaka 3 amemeza sarafu ya shilingi mia. Nimpe tonge kubwa la ugali liisukume?

Jibu: Hapana, mama. Tonge linaweza kuikwamisha zaidi, na ukimtapisha inaweza kuingia njia ya hewa. Mpeleke penye eksirei. Sarafu ikishafika tumboni, mara nyingi hutoka na choo ndani ya siku au wiki chache. Ila nakuomba ujiulize: uliiona kwa macho yako? Maana betri bapa ya rimoti nayo ni ya mviringo na inang'aa.

Swali: Na kama ni betri?

Jibu: Hapo msisubiri kupambazuke, hata kama mko Makete na barabara ni tope. Betri ikikwama kwenye umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), mate huunganisha pande zake mbili, umeme unapita, na kemikali kali inazalishwa papo hapo. Ndani ya saa 2 nyama inaweza kuwa imeungua vibaya. Hata betri iliyoishiwa nguvu kiasi cha kushindwa kuwasha rimoti inaweza kuunguza. Wengine hawalii; wanatokwa tu na udenda na kukataa kula. Kidonda kinaweza kutoboa hadi bomba la hewa au mshipa mkubwa wa damu, kwa hiyo mtoto akitapika damu hata siku kadhaa baada ya betri kutolewa, mrudisheni mbio.

Kama ametimiza mwaka 1 na anameza vizuri, mpeni asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6. Inapunguza makali tu. Msichelewe kwa kuitafuta. Mkifika, msipange foleni: semeni mlangoni, "Amemeza betri."

Swali: Mwiba wa samaki, je? Sisi wa Kyela tumezoea kuusukuma kwa ugali.

Jibu: Najua, na wengi hupona. Lakini mwiba uliochoma ukisukumwa unazama zaidi. Eksirei ya kawaida huweza isiuonyeshe. Maumivu ya kifua na homa ni dharura.

Swali: Wakati wa kupukuchua maharage mtoto alipaliwa, akatulia. Sasa anatibiwa nimonia mara ya pili.

Jibu: Mweleze daktari kuhusu siku ile ya kupaliwa, hata kama umepita mwezi. Punje inaweza kuwa bado iko kwenye mapafu, na maharage huvimba yakilowa.