Je, wajua kwa nini mahekalu ya kale ya Sukhothai yana nguzo lakini hayana paa?

Ukiingia Wat Mahathat, hekalu kuu la Kibuddha katika hifadhi ya kihistoria ya Sukhothai, Thailand, unakutana na safu za nguzo zilizosimama wima bila kubeba chochote, na sanamu ya Buddha imeketi juani. Wengi hudhani vita ndivyo vilivyoezua. Sababu kubwa zaidi ni vifaa vya ujenzi.

Mafundi wa karne ya 13 na 14 walijenga kwa namna mbili katika jengo moja. Chini waliweka lateriti, matofali ya kuchoma na chokaa. Juu yakaja boriti na kenchi za mbao, kisha vigae vya udongo. Katika nchi yenye mvua nyingi, mchwa na moto, mbao hazifikishi karne saba. Zikioza, vigae huporomoka na nguzo zinabaki peke yake. Nyumba za raia na hata makao ya mfalme yalikuwa ya mbao, ndiyo maana ndani ya kuta za mji, eneo la kama kilomita 2 kwa 1.6, magofu yaliyosimama ni ya mahekalu karibu yote.

Lateriti yenyewe inastahili kusogelewa. Ni udongo mwekundu wenye chuma kingi, jamii moja na moramu tunayomwaga barabarani. Ikiwa bado ardhini na ina unyevu, hukatika kwa zana za mkono. Ikikaa hewani hukauka na kuwa jiwe. Kasoro yake ni matundu: haikubali nakshi. Kwa hiyo ilikatwa vipande vya duara, vikapangwa kimoja juu ya kingine hadi nguzo ikakamilika, halafu ikapigwa lipu ya chokaa na mchanga. Urembo wote ulikuwa kwenye lipu hiyo. Paa lilipoondoka, maji ya mvua yalipenya kutokea juu, kati ya lipu na lateriti, na lipu ikabanduka. Wekundu unaouona leo haukukusudiwa kuonekana.

Mahali pazuri pa kuona lipu iliyosalia ni kwenye kitako cha chedi kuu (mnara mtakatifu wa Kibuddha), ile yenye kilele cha umbo la kitumba cha yungiyungi. Inama kidogo: wanafunzi wa Buddha wanatembea kwa mstari kuizunguka, viganja vimeunganishwa kifuani. Pembeni kuna sanamu mbili za Buddha aliyesimama, kila moja dhiraa 18, yaani takriban mita 9.

Ili kuusoma ukumbi mkuu, anzia mashariki, ulikokuwa mlango. Nguzo za kati ni ndefu kuliko za pembeni, na tofauti hiyo inakuonyesha mteremko wa paa. Mwisho wa magharibi ni kiti cha sanamu kubwa ya shaba ambayo Mfalme Rama I aliihamishia Bangkok. Sasa imo katika hekalu la Wat Suthat huko.

Mji mpya wa Sukhothai uko kilomita 12 hivi kutoka hapo. Baiskeli hukodishwa karibu na lango, nazo zinafaa kuliko miguu. Kanda ya kati, ya kaskazini na ya magharibi zina tiketi tofauti, kwa hiyo usitupe muda wote kwenye ya kati: hekalu la Wat Si Chum liko kaskazini. Huko kuta zenye unene wa mita 3 zimebaki, na kupitia mwanya mwembamba wa mlango unamwona Buddha wa mita 15 hivi aliyejaza chumba kizima.

Fika asubuhi, hasa Machi hadi Mei, kwa kuwa kivuli ni haba. Novemba hadi Februari kuna nafuu. Funika mabega na magoti, maana watu bado wanasali mbele ya sanamu hizi. Usipande vitako wala kuegemea nguzo: lipu iliyokwisha kuachana na lateriti hudondoka kwa kuguswa tu.